Boti ya Rwambuzi

Wanaosema penye nia pana njia hawajawahi kuishi mtaa wa Rwambuzi. Huko nia zimejaa kila nyumba. Njia ndiyo imejengewa ukuta. Ndiyo maana asubuhi ile Ephraïm alipogonga msumari wa mwisho, akaweka nyundo chini na kusema kwamba boti imekwisha, mke wake Félicité hakupiga kigelegele. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya kupika. Aliitazama boti, akautazama ukuta wa depo ya jirani uliokuwa mbele ya boti, kisha akarudi kutwanga kwa nguvu nyingi kuliko zile sombe inazohitaji.

Ilikuwa boti ya kweli, si mchezo. Ilianzia karibu na jiko la Félicité ikaishia karibu kugusa ukuta, imeinuliwa juu ya magogo, mbao zake za mti wa libuyu zimefungwa vizuri na kuzibwa kwa pamba na gudro, ile lami nyeusi. Ilikuwa boti ya kubeba watu, mizigo yao, mbuzi wao na mashine nyuma. Kosa lake lilikuwa moja tu: ilikuwa Bunia. Na Bunia haina ziwa. Ina mto Shari, ambao hauwezi kubeba hata beseni la nguo bila kuligongesha kwenye mawe. Ukitaka ziwa lazima utoke mjini, upite Bogoro, uteremke mlima mpaka masikio yazibe na jua liwe kali, ndipo ulione Ziwa Albert limelala pale chini, na Kasenyi pembeni yake.

Vijana wa pikipiki walimwita Ephraïm Noa. Kila walipopita walipunguza mwendo na kuuliza, "Muzee Noa, mvua iko lini?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Muulize Mungu. Miye niko fundi tu."

Alizaliwa Kasenyi, bandarini, mtoto wa fundi wa boti na mjukuu wa fundi wa boti. Mtu akikaa naye kidogo tu, lazima asikie habari ya bandari. Kwa Ephraïm, Bunia ni mtoto wa Kasenyi, tena mtoto asiye na shukrani. Mashine za kuchimbia dhahabu, mabati, vyerehani, baiskeli za kwanza, hata kengele za makanisa, vyote, alisema, vilivuka ziwa kutoka Uganda, vikateremshwa Kasenyi, vikapandishwa mlima kwa malori. Pale malori yalipopumzika pakajengwa depo. Kuzunguka depo pakajengwa nyumba, kuzunguka nyumba pakaja shule na ofisi, na mji ukajiona mji. Halafu ukapata barabara nyingine, za Mahagi na Aru, ukamsahau mama yake kule chini. "Muji inakuwa sawa mutoto," alipenda kusema. "Ikishaota meno, haiulize tena maziwa ilitoka wapi."

Mwaka ule ziwa lilipopanda likakataa kurudi, lilichukua nyumba yao, na karakana, na ule ufuo ambapo babu yake alikuwa akiweka mikuku, ile miti ya chini inayobeba boti nzima. Ephraïm na Félicité walipanda Bunia na binti yao Fanny, vyombo vya kazi ndani ya beseni moja, na wakanunua parseli, kiwanja cha kujenga, Rwambuzi. Wakati huo palikuwa mihogo mitupu. Ukisimama uani uliona mpaka barabara kubwa chini, hakuna cha kukuzuia ila upepo. Ephraïm alifurahi. Mbao za msituni zote hupitia Bunia. Kule ziwani hapakubaki mahali pakavu pa kuweka mkuku. Basi atajengea hapa, atateremsha boti nzima kwa lori, na mdogo wake Caleb, aliyebaki Kasenyi kuvusha watu kwenda Ntoroko, ng'ambo ya Uganda, kwa boti ya zamani ya baba yao, atapata chombo cha kuaminika. Kwa akili ya mtu wa Kasenyi, hesabu hiyo haikuwa na kasoro. Mtu wa Kasenyi anajua kwamba ufuo hauuzwi, na kwamba mahali pa kupitisha boti ni pa wote. Hakujua kuwa mjini hata upepo una mwenyewe.

Mwaka uliofuata alikwenda Komanda kutafuta mbao, barabara ikafungwa nyuma yake, akakwama huko. Shule ikamfukuza Fanny kwa sababu ya malipo. Félicité alikuwa peke yake, mtoto analia na sare mwilini. Na hapo ndipo Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo aliyeuza misumari, mabati na simenti, akaja kwa heshima zote kuuliza kama mama hawezi kumwachia kipande cha mbele, kile cha barabarani. Félicité akakubali, na Mama Anastasie, shefu wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, akawa shahidi. Kasereka, mtu makini, aliiangalia mifupa ya boti iliyokuwa uani akauliza, "Na hii boti, Mama Fanny?" Félicité akajibu bila kufikiri, kama mtu anavyofukuza kuku, "Acha, ile ni muchezo ya muzee. Haitaisha."

Ephraïm aliporudi alikuta wameshachimba msingi wa depo ya Kasereka. Alivua kofia. Kisha akasema, "Ni vizuri. Mutoto asome," akaingia ndani akachukua randa yake. Hakusema neno jingine, siku ile wala siku nyingine. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Félicité aliungoja ule mshindo miaka yote hiyo. Haukuja. Kila alfajiri nyundo ilianza kulia, ubao juu ya ubao, mbele ya ukuta, na kila pigo lilimwingia mama wa watu kifuani. Fanny alisoma, akamaliza, sasa ni muuguzi kule Marabo, na kila akija nyumbani na koti lake jeupe Félicité hujiambia kwamba hakukosea. Anajiambia, lakini haponi.

Nao wengine hawakukaa bure. Mmoja alisogeza ua wake kidogo, mwingine akajibu kwa kusogeza wake. Mama Anastasie mwenyewe, shefu mzima, alijenga kibanda cha maandazi mahali ambapo zamani malori yalikata kona. Kila mtu alichukua kidogo tu. Kidogo cha wote kikawa barabara nzima. Ikabaki njia ya watu na pikipiki, na maji ya mvua yakakosa pa kwenda. Mvua ikinyesha yalikusanyika nyuma ya ukuta wa Kasereka, yakapenya ufa wa chini yake, yakaingia depo na kumwagilia simenti. Kasereka alikuwa akiinua magunia juu ya mbao kila jioni ya wingu na kumlaumu shetani.

Basi asubuhi ile boti ilipokwisha, simu ya Ephraïm ililia. Ni Caleb, mdogo wake. Félicité alisikia yote, kwa sababu Caleb huongea na simu kana kwamba bado yuko katikati ya ziwa.

"Yaya, ile boti ya baba imepasuka ubao moja tukiwa mbali. Wamama walichota maji na masahani mpaka ku kando. Hakuna mutu alikufa. Nimegongesha bati juu."

"Usivushe tena watu na ile."

"Na tutakula nini? Yaya, nangojea ya kwako. Inafika lini?"

Ephraïm alitazama ukuta. "Inafika," akasema, akakata simu.

Félicité akafunga kitenge chake cha kutokea, akapita njia ya pembeni, akaenda dukani kwa Kasereka. Alimkuta anapima misumari. Akasalimia, akauliza habari ya Butembo, habari ya watoto, kisha akaingia katika lile lililomleta. Alihitaji ukuta wa depo ufunguliwe, siku moja tu.

Kasereka aliweka misumari chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. "Mama Fanny, nikifungua ukuta, nitafunga na nini? Wezi wako wanangojea tu. Na hata nikifungua, boti itakata kona wapi? Mbele kuko kibanda ya mama shefu, kuko ua ya watu. Nivunje yangu peke yangu, boti ikwame mu barabara, nikuwe muchezo ya watu?"

"Ninajua. Lakini shemeji yangu iko navusha watu na boti ya bati."

"Pole sana. Mungu amulinde." Akaokota msumari mmoja, kisha akasema polepole, bila ubaya wowote, "Nilikuulizaka, mama. Ile siku. Uliniambia haitaisha."

Félicité alirudi nyumbani uso umemshuka kwa aibu. Ephraïm alimwona, hakumuuliza. Alisema tu, "Kesho tunainywesha."

Kasenyi boti haiingii ziwani kabla ya kunyweshwa. Wanaijaza maji ikiwa bado nchi kavu, mbao zinywe na kuvimba, na fundi anazunguka kwa nje akitazama wapi panatoa jasho. Boti isiyokunywa nyumbani, wanasema, itakunywa ziwani, na hapo haitakunywa maji peke yake. Maji ya kwanza humwagwa na mke wa fundi, na ni yeye pia anayechomoa kizibo cha chini mwishoni ili maji yatoke. Hata Félicité, ambaye hakuwahi kuipenda boti ile, hakufikiri hata kidogo kuacha desturi hiyo.

Kwa hiyo kesho yake alitembea nyumba kwa nyumba akiomba maji. Kuomba maji Rwambuzi ni kuomba mgongo wa mtu, maana kila bidoni limepandishwa kilima na mtu. Watu walicheka kwanza. Kunywesha mbao? Kisha wakaja. Wanawake walileta mabidoni, wasichana wakaleta masufuria, wengine wakaleta maji ya kufulia yenye povu, na Ephraïm akasema boti haina kiburi, inakunywa yote. Vijana wa pikipiki waliokuwa wakimwita Noa waliegesha wakabeba na wao. Haba na haba, boti ikajaa mpaka maji yakafunika mataruma, zile mbavu za ndani.

Ephraïm alizunguka. Alipiga goti, akapapasa kwa kiganja, akainuka, akaenda mbele. Karibu na mkuku alikuta tone moja, akalisukumia pamba kwa patasi. Akazunguka tena. Halafu akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie mjini Félicité alimwona mumewe anacheka kwa meno yote.

"Ni kavu," akasema.

Vigelegele vikapanda. Mama Anastasie alicheza na mwili wake wote, na mwili wake si mdogo. Kisha, mmoja baada ya mwingine, watu wakageuka wakautazama ukuta. Vigelegele vikafa vyenyewe.

Ephraïm hakungoja aulizwe. Alichukua kipande cha mkaa jikoni, akaenda katikati ya boti, akachora mstari mweusi kutoka ukingoni hadi chini, akaegemeza msumeno karibu nao. "Samedi nitaikata," alisema, akihesabu siku za kufika Jumamosi. "Kipande moja kitapita hapa pembeni, kingine nacho kitapita. Ku Kasenyi nitaiunganisha."

"Boti yenye kukatwa inakuwaka na nguvu?" Mama Anastasie aliuliza.

"Inaelea."

"Miye nimeuliza nguvu."

Ephraïm akainama kuokota nyundo ambayo haikuwa imeanguka. Ndipo Félicité alipoelewa kwamba mumewe alikuwa amejua tangu siku ile alipokuta msingi umechimbwa. Miaka yote amepiga randa, amepinda mbao kwa moto, amezioanisha kama mtu anayefuma, akijua ataikata kwa mkono wake mwenyewe. Kwa ajili ya kipande cha udongo na neno alilolitupa kama anafukuza kuku. Machozi yalimjia, akayameza. Wakati wa kulia ungekuja baadaye. Sasa palikuwa na kizibo cha kuchomoa.

Alikiangalia kile kizibo. Kilikuwa mbele, chini, upande wa mteremko, kinatazama ukuta wa Kasereka uso kwa uso.

Akapita njia ya pembeni akaenda depo. "Papa Kasereka, inua simenti yako."

Kasereka alitoka nje akatazama mbingu. Ilikuwa nyeupe, hakuna wingu hata la dawa. "Mvua iko wapi?"

"Inua tu."

Kuna sauti mtu akiisikia hatafuti sababu; ni sauti ya mama yake. Kasereka aliinua simenti. Félicité alimsaidia kupandisha gunia la mwisho juu ya mbao, akarudi uani, akakusanya kitenge katikati ya magoti, akapiga goti, akachomoa.

Maji yalitoka kama yalikuwa yamefungwa jela. Yalishuka yakalamba udongo, yakafika ukutani, yakasimama. Yakatafuta kushoto, yakatafuta kulia, yakarudi katikati, yakaanza kupanda. Kisha yakaona ufa wao wa siku zote. Mlango wa pembeni wa depo ulifunguliwa, na Kasereka akaonekana, suruali ameikunja, maji yenye povu la sabuni yamemfika vifundoni, kiatu chake kimoja kinaelea kwenda zake.

"Hata mvua haiko," alisema. Alikuwa na hasira, lakini hasira ya mtu aliyechoka. "Boti moja tu. Maji ya boti moja."

Félicité alisimama. Watu wote walikuwepo, na ndivyo alivyotaka.

"Papa Kasereka, ile siku niliuzisha hii kipande, mama shefu alikuwa shahidi. Nilikuambia boti haitaisha. Leo nasema mbele ya watu wote: niliikosea, na nilimukosea bwana yangu. Yeye hajanihukumu hata siku moja, na inaniuma sana kupita angenipiga." Alikuwa bado ameshika kizibo. "Siombe ufungue ukuta juu ya boti. Boti atakata, yeye ni mutu wa sabiri. Ninaomba juu ya maji. Unainua simenti kila mvua. Watoto wa hapa chini wanalala na maji mu nyumba. Mahali maji inatafuta kupita, ndiyo ile mahali boti ingepita. Njia ni moja."

Kasereka aliokota kiatu chake, akakikung'uta. Mkono mtupu haulambwi, na mama huyu hakuwa ameleta kitu mkononi ila maji machafu. Lakini alitazama ufa, akatazama miguu yake, akageuka kumtazama shefu wa avenue.

"Nikifungua kwangu," alisema, "maji itaenda fasi gani? Itaenda kugonga ku kibanda ya mama shefu."

Sasa macho yote yakahamia kwa Mama Anastasie. Yeye ndiye aliyekuwa akipita kila Jumamosi na filimbi kuwahimiza watu kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, ambayo Rwambuzi ilifanywa hivi: kila mtu anafagia taka za mbele ya nyumba yake na kuzisukumia mbele ya nyumba ya jirani, mpaka zinamfikia yule wa chini kabisa, naye anamwachia Mungu. Alivuta pumzi. Mtu aliyewahi kula maandazi ya kibanda kile atajua kwamba halikuwa jambo dogo.

"Siye wote tulikula barabara," akasema. "Basi, tutaitapika wote. Samedi, salongo. Mutu alete nyundo, hapana fagio."

Jioni ile Ephraïm alichukua kitambaa chenye maji akaanza kufuta mstari wa mkaa. Félicité alikuja akasimama karibu naye. Aliushika ukingo wa boti, akayauliza yale aliyoyabeba miaka yote.

"Ulisikiaka vile nilimuambia Kasereka? Ya kama haitaisha?"

"Nilisikia. Rwambuzi kuna siri?"

"Iliuma?"

"Iliuma." Aliendelea kufuta. "Iliniuma mingi."

"Sasa juu ya nini uliendelea kujenga, na unajua njia haiko?"

Ephraïm alisuuza kitambaa, akakikamua. "Njia inauzwa, siku ingine inarudi. Fanny alipaswa kusoma. Lakini kama ningeachaka hii boti," alisema, "kila siku ungenitazama na kufikiri uliuzisha mutu. Sikutaka ufikiri vile."

Félicité alimnyang'anya kile kitambaa, akamalizia kufuta yeye mwenyewe, analia bila kujificha. Ni kilio cha raha na cha uchungu pamoja, kile ambacho mtu akikimaliza anasikia njaa.

Jumamosi hapakusikika filimbi. Hapakuwa na haja. Kasereka alipiga tofali la kwanza mwenyewe, taratibu, akiyatoa mazima mazima na kuyapanga pembeni, maana mtu wa Butembo hatupi tofali. Mama Anastasie alisimamia kubomolewa kwa kibanda chake, mikono kiunoni, akigawa maandazi ya mwisho kama mtu anayegawa chakula cha msiba. Nyua zikarudi nyuma, moja baada ya nyingine, kwa manung'uniko mengi, na chini yake ikaonekana ardhi nyekundu iliyopigwa na magurudumu ya zamani. Wale wazee waliokuwepo wakati wa mihogo wakasema, angalia, barabara ilikuwa hapa siku zote.

Wakaingiza miti chini ya boti. Wanaume wakaweka mabega, vijana wa pikipiki mbele, Kasereka katikati, Ephraïm nyuma akiishika kama anashika mtoto anayejifunza kutembea. Ikainuka. Ikapita penye ukuta, ikakata kona pale penye kibanda, ikateremka mtaa mzima mpaka barabara kubwa, ambapo lori la Fuso lilikuwa linangoja. Watu walitoka madukani. Watoto ambao hawakuwahi kuliona ziwa waliifuata wakiigusa. Félicité alitembea kando yake. Alikuwa anatazama tu ukingo, mahali mstari wa mkaa ulipokuwa, na ubao ulikuwa mzima.

Caleb alipiga simu siku chache baadaye, akipaza sauti ile ile, lakini sasa alikuwa anacheka. Boti imevuka Ntoroko na kurudi, haikunywa hata kijiko. Ile ya baba yao ameivunja kuni, ila ubao mmoja, ule wa mkuku, uliokuwa bado mgumu. Huo aliupakia kwenye Fuso pamoja na samaki, upande Bunia kwa kaka yake.

Hadithi ingeishia hapo kama watu wasingekuwa watu. Mvua ya kwanza ilikuja, maji yakapita moja kwa moja, na Kasereka akasimama mlangoni na miguu mikavu akipokea pongezi. Lakini miguu ikishakauka, mtu husahau haraka. Matofali yalikuwa yamepangwa pale, mazuri, yanamtazama. Meza ya maandazi ilirudi, ikawa inasogea kila siku kidogo kuelekea kona, na Mama Anastasie anasema ni kivuli tu anafuata. Asubuhi moja Félicité alitoka na sombe yake, akamwona Kasereka amechutama pale ukuta ulipokuwa, na kamba, anapima.

"Ni kaukuta kadogo tu, Mama Fanny," alisema kabla hajaulizwa. "Nitaacha tundu ya maji. Boti si ilishaenda?"

Félicité aliweka kinu chini. Ephraïm alikuwa amekaa mlangoni, mikono imelala juu ya magoti, kama alivyokaa tangu boti iende. Mikono isiyo na kazi humzeesha fundi. Ubao wa mkuku wa zamani uliegemea ukuta wa jiko. Félicité aliuchukua. Ulikuwa mzito, bado unanuka ziwa. Aliuburura mpaka katikati ya uwanja, akaupandisha juu ya magogo mawili pale pale boti ilipokuwa, uso wake unaelekea barabarani. Akaingia ndani, akatoka na nyundo, akamwekea mumewe mkononi.

"Anza."

"Nianze na nini? Mbao haiko."

"Mbao itakuja. Anza."

Ephraïm alimtazama mke wake. Kisha akasimama, akatafuta msumari mfukoni, akaweka kwenye ubao wa baba yake, akapiga. Sauti ile ilitoka uani, ikapita pale penye ukuta ambao haukuwepo, ikateremka mtaani. Mama Anastasie aliisikia, akavuta meza yake nyuma kidogo.

Kasereka alibaki amechutama, kamba mkononi, akiutazama ule ubao mmoja juu ya magogo.

"Na hii boti, Mama Fanny?" akauliza.

"Hii itaisha," Félicité akasema, na Kasereka akaanza kukunja kamba yake.